Sufuria Niliyokatazwa Kuonja

Nina kinyongo kirefu, na sioni haya kukisema. Wapo wanaosamehe mapema wakalala usingizi wao. Mimi nilimpikia mtu mmoja futari, miaka michache iliyopita, kambini kwenye mlango wa mto Ruvuma, na futari ile niliipika kwa hasira kuanzia kuosha mchele mpaka kupakua. Nitaieleza ilivyokuwa, na ile sehemu inayonigeukia mwenyewe sitairuka.

Kazi yangu ni upishi. Nina kibanda cha chakula Mtawanya, na vikundi vinavyokwenda porini kwa kazi ya siku kumi au wiki mbili hunichukua nikawapikie. Wananichukua kwa sababu ya sufuria moja. Kambini hakuna mambo ya wali jiko hili na mchuzi jiko lile. Kuna mafiga matatu, sufuria kubwa ya mikono miwili, mwiko mrefu kama kafi, na watu wenye njaa. Mchele, kunde, nazi, vitunguu, kamba wakavu, vyote vinaingia humo humo kwa zamu yake, na ukikosea kimoja umeharibu chakula cha siku nzima. Hakuna bakuli la pembeni la kukufichia aibu.

Kwa hiyo sufuria moja inataka ulimi. Nazi hazifanani. Kamba wakavu wengine wamelala kwenye chumvi siku mbili, wengine wamepitishwa tu. Na maji ya pwani ile ndiyo ya kuchunga kuliko vyote. Kijiji tulichopiga kambi kando yake kina visima viwili. Kisima cha juu kipo karibu na msikiti, mwendo wa nusu saa kwenye mchanga, na maji yake ni matamu mwaka mzima. Kisima cha chini kipo nyuma tu ya ufuko, hatua chache kutoka kambini. Maji yake ni mazuri siku nyingi, lakini mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari inapojaa sana kwa bamvua, chumvi hupenya chini ya mchanga ikaingia kisimani. Ukiyatazama maji hayo huoni tofauti yoyote. Wanawake wa kijiji wanajua, na siku hizo hupanda kwenda kisima cha juu bila hata kuulizana.

Mimi nilijua kwa sababu kijiji kile ni cha marehemu mume wangu. Mama yake yupo mpaka leo. Siku ya arobaini ya mwanawe aliniita chumbani akaniambia kwamba ndoa imekwisha lakini mkamwana wake bado yupo, na tangu hapo sijakosa kwenda kwake hata Idd moja. Sikuzaa na mume wangu. Kilichobaki cha miaka yangu kumi na tisa ya ndoa ni yule mama na jina langu mbele yake.

Kikundi chenyewe kilikuja kuhesabu mikoko na kupanda miche mahali ilipokatwa. Walikuwa watu kumi na saba. Kumi na mmoja walifunga, na sita hawakuwa wafungaji. Hao walikunywa chai na mkate asubuhi nyuma ya hema kwa heshima ya wenzao, kisha wote wakashuka matopeni pamoja. Jioni walikula sufuria moja. Kwa kuwa walikuja kulinda mikoko, hata kijiti chake kimoja kisingeingia motoni kwangu. Nilipikia makumbi na vifuu vya nazi, na matawi makavu ya mikorosho ambayo wanawake wa kijiji waliniletea kutoka mashambani mwao. Makumbi yanafuka moshi wa kukutoa machozi, lakini moto wake ukishakaa unakaa.

Siku tatu za mwanzo kila kitu kilikwenda vizuri. Nilipika mseto wa choroko, nikapika muhogo wa nazi, nikapika wali wa kunde. Kila siku kabla ya kutia chumvi nilichota bakuli moja nikaliweka pembeni, la mama mkwe wangu. Ana presha, na muuguzi wa zahanati alimkataza chumvi kabisa. Msichana aliyeleta kuni alimpelekea likiwa limefunikwa kwa sahani, na bakuli lilirudi asubuhi limeoshwa, ndani yake papai au ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha, maana mama yule hakurudisha chombo kitupu.

Msimamizi wa kambi alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, wa ofisini Dar es Salaam. Alikuwa Mwislamu mwenye swala zake na alifunga, na kufunga kwake tulikujua sote maana alikutangaza tangu alfajiri. Midomo imemkauka, kichwa kinamgonga, lakini anavumilia, Mungu ndiye anayelipa. Alipenda kurudi mapema kutoka matopeni, akaoga, akaja kusimama jikoni kwangu mikono nyuma, akitazama sufuria kama ofisa anayekagua gwaride. Nilimvumilia. Nimewahi kupikia wabaya zaidi yake.

Sasa, mpishi aliyefunga anaruhusiwa kuonja. Unachukua tone kwa ncha ya ulimi, unatema, unasukutua, kazi imekwisha. Mama yangu mzazi alifanya hivyo, na mama mkwe wangu ndiye aliyenizoeza kutema mbali na moto. Wanawake wa pwani hii hawaulizi jambo hilo, sawa na wasivyouliza kama mtu aliyefunga anaruhusiwa kusukutua.

Siku ya tisa ya Ramadhani, alasiri, nilikuwa nimeinamia wali wa kunde. Nilidondosha tone la tui kwenye kiganja, nikaligusa kwa ulimi, na kabla sijageuka kutema nikasikia makofi. Alikuwa amesimama nyuma yangu akipiga makofi taratibu. Wanawake wanne waliokuwa wakitua kuni waligeuka, na watoto wao pia.

"Jamani, njooni muone," alisema. "Sisi tunakufa na kiu huko matopeni, kumbe tunapikiwa na kobe."

Kobe ni jina la yule anayekula kwa kujificha mchana wa Ramadhani. Watoto humwimbia mtu jina hilo barabarani mpaka akaingia ndani kwake. Kumwambia mwanamke mzima neno lile mbele ya kijiji cha wakwe zake ni kumvua nguo.

Nilitema, nikasukutua mbele yake aone, nikamweleza kwa upole kwamba mpishi huonja, na kwamba sijameza kitu. Aliinua mkono kunizuia. Akasema hahitaji kufundishwa dini na jiko. Kuanzia siku ile, ulimi wa mtu hautagusa sufuria yake kabla ya adhana ya magharibi, na kwa kuwa mimi siwezi kupika bila kudokoa, yeye mwenyewe ataniandikia vipimo. Wale wanawake waliinama wakafunga kamba zao za kuni. Walijua ninachosema ni kweli, lakini alikuwa mgeni wa serikali ya kijiji, mwenye gari na karatasi, na kati yao hakuna aliyefungua kinywa. Nao sijawasahau.

Jioni ile nilipeleka bakuli la mama mkwe kama kawaida. Lilirudi palepale, msichana amelishika kwa mikono miwili, limejaa, limefunikwa vilevile nilivyolifunika. Msichana alisema bibi kasema ahsante, ana chakula. Nilikaa nalo mapajani, watu wakila na kucheka upande wa pili wa moto. Nilitamani kulia nikashindwa, na mahali pa kilio ikakaa hasira, na hasira ile ilinifaa zaidi.

Kesho yake watoto walikuwa nyuma ya mikorosho tangu asubuhi. Kobe, kobe, katoa kichwa, kobe. Nilichambua kunde zangu bila kuinua macho.

Karatasi ilikuja siku hiyo hiyo. Aliiweka ndani ya mfuko wa nailoni akaibandika kwenye nguzo ya hema la jikoni. Kila kilo ya mchele, kijiko kimoja cha mezani cha chumvi, kilichojaa. Kila kilo, nazi mbili. Kamba wakavu, gramu kadhaa kwa kila mtu. Maji ya kisima cha karibu, vijana wa kuchota maji wasipoteze muda. Mpishi haruhusiwi kuonja. Chini akatia saini na mhuri wa kambi, kana kwamba kunde zingeomba kuona kibali.

Nilimtii. Naomba jambo hili lieleweke vizuri: tangu siku ile nilikuwa mpishi mtiifu kuliko wote walio pwani ya kusini. Nilipima kijiko kwa kijiko. Mwezi ulikuwa nusu, bahari imetulia, maji ya kisima cha chini yalikuwa matamu, na chakula kilitoka sawa. Msimamizi akavimba kichwa. Aliwaambia wenzake jioni, nikiwa nasikia, kwamba upishi ni hesabu tu, wanawake ndio wanaoufanya uchawi. Nikaosha sufuria yangu. Bakuli la mama mkwe nikaacha kulichota. Sikutaka lirudi mara ya pili.

Siku ya kumi na mbili akatutangazia kwamba mkubwa wake anakuja kuiona kambi. Atakuja siku ya kumi na tano na wageni wengine, na kijiji kitaalikwa futari, wanaume na wanawake, watu arobaini na zaidi. Kazi nzuri ikionekana siku hiyo, alisema, yeye huenda akapewa kusimamia kambi zote za kusini mpaka Lindi. Alisema hivyo huku anacheka, lakini nilimwona anavyopangusa viatu vyake.

Nilikuwa nachambua kunde. Siku ya kumi na tano, nikajiambia. Mwezi mpevu. Mikono ilinisimama kwenye ungo, nikatabasamu peke yangu kama mwendawazimu. Sikuhitaji kufanya kitu. Ningepika tu kama nilivyoandikiwa.

Adhuhuri ya siku hiyo ya kumi na tano nilichukua kopo la maji ya kisima cha chini nikaenda kutawadha. Niliposukutua, chumvi ilinijaa kinywani. Nikatema. Nikasukutua tena, chumvi ile ile, kali, ya bahari kabisa. Nimefikiri sana kuhusu sukutuo lile. Nilikuwa natia udhu kwenda kumsimamia Mungu, na hapo hapo nikaonyeshwa ninachotaka kufanya, nikapewa nafasi ya kuacha. Niliswali rakaa zangu nne, nikakunja mkeka, nikaenda kuwaambia vijana wajaze mapipa kutoka kisima kile kile.

Alasiri, dada mmoja wa misitu alirudi mapema. Alikuwa Mkristo, mtumishi wa serikali mwenyeji wa Songea, mtu wa maneno machache. Alikuwa amekatwa mguu na chaza huko matopeni, akaja jikoni kuomba maji ya moto. Nilimwosha, nikamfunga kitambaa. Mchele ulikuwa haujaingia bado. Kunde na tui vinatokota. Akaitazama karatasi kwenye nguzo, akaitazama sufuria, akaniambia kwamba yeye hajafunga, nikitaka ataonja badala yangu, na msimamizi hana haja ya kujua.

Moto ulikuwa unalia chini ya sufuria. Nilikuwa na nafasi ya kusema ndiyo. Angeonja, angekunja uso, tungemwaga, vijana wangekimbia kisima cha juu, na futari ingechelewa kidogo tu.

"Acha, dada," nilimwambia. "Vipimo ameshatoa mwenyewe."

Alinitazama kidogo, akaondoka akichechemea.

Nikatia kilo kumi za mchele na vijiko kumi vya chumvi, vilivyojaa. Kamba wakavu kwa kawaida huwalowesha na kubadilisha maji mara mbili. Karatasi haikusema niloweshe, nikawatia walivyo. Lakini mengine yote nilifanya kwa mapenzi, na mapenzi yenyewe yalikuwa ya kisasi. Nilikaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya mbao. Niligeuza wali mara moja tu usivunjike. Nikafunika, nikapalia makaa juu ya mfuniko, nikakaa chini. Harufu ilitembea mpaka kwenye barabara. Wanawake waliokuwa wanafika wakaisifia tangu mbali. Roho yangu ilikuwa imetulia tuli, kama ya mtu aliyekwishalipwa.

Mkubwa wake alikuwa mzee mnene mpole, naye amefunga. Adhana ilipotoka msikitini walifungua kwa tende na maji ya chupa waliyoleta kutoka mjini, wakaswali, kisha wakakaa: wanaume kwenye turubai la kambi, na shekhe wa kijiji kati yao, wanawake kwenye mikeka karibu na jiko. Mama mkwe wangu alikuwapo. Alikuja na wenzake, akanisalimu kwa heshima kama mnavyomsalimu mtu msiyemjua, akakaa pembeni. Nilipakua sinia za watu watano watano.

Msimamizi akasimama kwanza. Sikuwa nimemwomba afanye hivyo, alijitakia. Alimweleza mkubwa wake kwamba katika kambi yake hata sufuria ina utaratibu, kwamba vipimo vyote vya chakula kile amevitoa yeye, na kwamba ulimi wa mtu haujakigusa kabla ya wafungaji. Mkubwa akamshukuru. Wakasema bismillahi.

Nilikuwa nimesimama na mwiko wangu. Sikutaka kupitwa na uso hata mmoja.

Mkubwa alitia tonge, akatafuna mara mbili, akaacha. Alitazama pembeni akatafuta mahali pa kutema, hakupata, akameza kwa nguvu. Shekhe akalirudisha tonge lake kwenye sinia. Kijana mmoja akakohoa mpaka akapigwa mgongoni. Kwenye turubai zima, watu waliokaa na njaa kutwa, mikono yao ikabaki hewani. Msimamizi alionja wa mwisho. Nilimwona chumvi inavyomfika, na nasema kweli, tangu nizaliwe sijala kitu kitamu kama uso ule.

Aligeuka akaninyooshea kidole, akasema mpishi ndiye huyu. Nilikuwa nimelisubiri hilo. Nikaibandua karatasi kwenye nguzo, nikatembea taratibu mpaka kwa mkubwa wake, nikapiga goti, nikampa kwa mikono miwili.

"Nimepika kama nilivyoandikiwa, mzee. Kuonja nimekatazwa. Nilipoonja niliitwa kobe."

Mzee aliisoma yote, mpaka mhuri. Akamuuliza yule kijana kama mwandiko ni wake, naye akajibu ndiyo kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Kisha shekhe akazungumza bila kukasirika. Alisema mpishi aliyefunga huonja na kutema na funga yake ni salama, jambo hili hata watoto wa chuoni wanalijua, na anayemwita Mwislamu mwenzake kobe bila ushahidi amemdhulumu. Alisema hivyo mbele ya kijiji chote. Jina langu lilirudi mkononi mwangu pale pale, limeoshwa. Msimamizi alikuwa anatazama viatu vyake.

Hapo ndipo hadithi ingekwisha kama ingekuwa mimi ninayeitunga.

Niligeuka kuelekea kwa wanawake ili nao nione nyuso zao, wale wanne hasa. Walikuwa wameacha kula. Mmoja wao alikuwa amekunja paji la uso, akawauliza wenzake kama maji haya hayakuchotwa kisima cha chini. Na bamvua hii, akasema. Nani amechota? Wengine wakaanza kutazamana, kisha wakaanza kunitazama mimi.

Mama mkwe wangu akavuta sinia karibu yake.

"Tuleni," alisema. "Chakula cha mkamwana wangu hakimwagwi."

Akatia tonge. Akatia la pili. Alikuwa anakula taratibu, kichwa juu, kama anakula biriani ya harusi. Mazungumzo ya kisima yakafia hapo. Mimi nilisimama na mwiko. Ningeweza kupiga hatua nne nikamshika mkono. Ningesema, mama, acha, presha yako. Lakini ningemzuia kwa lipi? Watu wote walikwishaonja chakula, walijua kina chumvi. Mkamwana anayepiga kelele kwa hofu namna ile ni yule anayejua ni chumvi kiasi gani, na tangu saa ngapi. Yule mama wa kisima alikuwa bado ananitazama. Dada wa misitu alikuwa ananitazama pia, kutoka upande wa pili wa moto, na yeye hakuwa na swali lolote.

Nikalinda jina langu. Nilimletea maji ya chupa, nikayaweka karibu yake, nikarudi mahali pangu. Alikula upande wake wote wa sinia.

Wageni walikula mkate na tende zilizobaki, na asubuhi msimamizi aliondoka ndani ya gari la mkubwa wake, siti ya nyuma, mabegi mapajani. Kambi ilimaliziwa na dada wa misitu. Nilisikia baadaye kwamba yule kijana hakupewa kusini, hakupewa hata kambi nyingine, anakaa ofisini na mafaili. Kwake yeye sijutii hata punje. Nikikutana naye leo nitampakulia ukoko.

Asubuhi hiyo hiyo nilikwenda kwa mama mkwe wangu. Alikuwa amelala, amefunga kichwa kwa kanga, macho hayawezi kuona mwanga. Nilianza kuzungumza, nikasema chumvi iliniponyoka, maji nayo, karatasi nayo. Aliniacha nikajikwaa mpaka mwisho.

"Nilijua tangu tonge la kwanza," alisema. "Kisima kile nimekichota toka sijavunja ungo. Na wewe hukosei chumvi."

"Mbona ulikula, mama?"

"Walishaanza kuuliza." Alivuta pumzi. "Na bakuli lako nililirudisha."

Muuguzi wa zahanati alimpima, akanifokea mimi kana kwamba mgonjwa ni mimi, akampa vidonge vya kutwa mara tatu na akamkataza kufunga mwezi wote uliobaki. Mama yule alikuwa hajawahi kula mchana wa Ramadhani tangu alipoanza kufunga, ukiacha siku zinazomruhusu kila mwanamke. Kambi ilipovunjwa sikurudi Mtawanya. Nilibaki kwake mpaka Idd, nikimpikia chakula chake kwenye kisufuria kidogo, bila chumvi.

Mchana wa kwanza nilimtoa barazani apate upepo. Saa ya kidonge ilipofika nilimpa kikombe cha maji. Aliweka kidonge kwenye ulimi, na kabla hajanywa nikasikia watoto nyuma ya ua wa makuti. Walikuwa wale wale, na wimbo ule ule. Kobe, kobe, katoa kichwa, kobe. Nilinyanyuka na mwiko nikawakimbiza. Yeye akaniambia niwaache, watoto hawajui, aliyewafundisha ameshakwenda zake.

Nilirudi nikakaa karibu na miguu yake. Alimeza, akanywa maji kidogo, kisha akakificha kikombe nyuma ya mgongo wake ili mimi niliyefunga nisitamani.